Kutoa mimba na mwanzo wa uhai: dini zetu zinasema nini hasa?

Ndugu zangu, Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Mjadala wa kutoa mimba ukiibuka hapa mjini, iwe ndani ya daladala ya Mbagala au barazani baada ya swala ya Ijumaa, haupiti muda mrefu kabla mtu hajaufunga kwa sentensi moja. Muislamu atasema kwamba kabla ya siku 120 roho haijapulizwa, kwa hiyo dhambi haipo. Mkristo atajibu kwamba Kanisa tangu enzi za mitume limefundisha kuwa roho huingia siku ileile mimba inapotungwa, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Mimi ni muuguzi mkunga, ni Muislamu, na nimeolewa katika ukoo ambao Idi na Krismasi husherehekewa sebule moja, kwa hiyo sentensi hizo mbili nimezisikia kazini na nyumbani kwa miaka mingi. Ninavyoona, pande zote mbili zinanukuu nusu ya mafundisho yao, na swali la lini uhai unaanza, ambalo tunaligombania kana kwamba ndilo litakaloamua kila kitu, halijawahi kuamua kila kitu katika dini yoyote kati ya hizi mbili, wala katika sheria ya nchi yetu, Tanzania.

Naanza na upande wangu, maana wa nyumbani ndiye ninayeweza kumsema bila kuonekana namwonea. Hadithi inayotajwa ni ya Abdullah bin Mas'ud, iliyopokewa na wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim, nayo ni ya nne katika zile Arubaini za Imamu Nawawi ambazo watoto wetu huhifadhi madrasa. Inaeleza kwamba umbo la mwanadamu hukusanywa tumboni mwa mama yake kwa siku 40 likiwa tone, kisha huwa pande la damu kwa muda kama huo, kisha pande la nyama kwa muda kama huo, ndipo malaika hutumwa akapuliza roho na kuamrishwa aandike riziki yake, ajali yake, yaani muda wake wa kufa, amali zake, na kama atakuwa mtu wa heri au wa mashaka. Hatua hizo zimo pia katika Surat Al-Muuminun aya ya 12 hadi ya 14 na katika Surat Al-Hajj aya ya 5, ila Qur'ani haikuzihesabia siku. Tena Muslim amepokea hadithi nyingine, ya Hudhaifa bin Asid, isemayo kwamba malaika huja zikishapita nyusiku 42, akalitia umbo sura, masikio, macho, ngozi, nyama na mifupa, na ndiyo maana wako wanazuoni waliouweka mpaka wao kwenye siku 40 badala ya 120.

Sasa isomeni tena hadithi hiyo ya Ibn Mas'ud, polepole. Inatueleza roho hupulizwa lini. Hakuna mahali inaposema kwamba kabla ya hapo mtu anaruhusiwa kuiharibu mimba. Ruhusa hiyo, pale ilipo, ni hitimisho la mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, tena baadhi yao tu, na kwa masharti ambayo wanaoitaja barazani huwa hawayasemi. Yako madhehebu manne ya Kisunni. Wamaliki walio wengi wamekataza tangu mbegu inapotulia ndani ya kizazi. Wako Wahanbali walioruhusu mwisho siku 40. Wako Wahanafi walioruhusu kabla ya siku 120, lakini walitaka udhuru wa kweli, na mfano wao unaojulikana ni wa mama anayenyonyesha, ambaye maziwa yake yamekatika kwa sababu ya mimba mpya na baba hana uwezo wa kumlipa mnyonyeshaji, hivyo mtoto aliye mkononi anaweza kufa. Huyo ni mama mwenye mtoto wa kuokoa. Kijana aliyempa mwenzake mimba na hataki wazazi wajue hafanani naye hata kidogo, na kumwazima fatwa yake ni kumdhulumu aliyeitoa.

Sisi wa Pwani tulio wengi ni Mashafi, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza jambo hili katika kitabu chake Ihyaa kwa namna ambayo mimi sijaona iliyo bora. Alitofautisha azl, yaani mume kumwaga nje, na kuharibu kilichokwisha kutungwa. Cha kwanza hakukiita jinai. Cha pili alikiita jinai tangu hatua ya awali kabisa, akasema inazidi kuwa mbaya kiumbe hicho kinapofikia pande la damu na pande la nyama, inazidi tena roho ikishapulizwa, na upeo wa ubaya wake ni pale mtoto anapouawa akiwa amekwisha kuzaliwa hai. Dhambi kwake ina ngazi, lakini ngazi ya chini haina jina la halali. Wanazuoni wa Kishafi waliomfuata walitofautiana kuhusu siku za mwanzoni, jambo ambalo silifichi. Ninachokataa ni kuitwa kwa tofauti hiyo "dini imeruhusu".

Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inayo pia mizani yake ya fidia. Wanawake wawili wa kabila la Hudhail waligombana, mmoja akamtupia mwenzake jiwe, mimba ikatoka. Mtume, rehema na amani zimshukie, akahukumu itolewe ghurra, fidia ya aliye tumboni, ambayo mafakihi waliikadiria kuwa thamani ya ngamia watano, yaani sehemu moja ya ishirini ya dia, fidia ya uhai, ya mtu mzima. Mtoto akitoka hai kisha akafa kwa sababu ya pigo lile, hulipiwa dia kamili. Maana yake kijusi kina haki inayolipiwa, ila haki hiyo haijafikia ya mtu aliyezaliwa, na mwanasheria wa Kiislamu hakuona shida kuyashika yote mawili kwa pamoja. Ndivyo ilivyo pia katika mirathi: fungu la aliye tumboni huwekwa kando, naye hulipata akizaliwa hai.

Nilishuhudia jambo hili wodini. Mimba iliharibika yenyewe, bila mkono wa mtu, na kadi ya kliniki ilionesha wiki 18. Mjomba wa mume alimpigia simu shekhe wao akaweka sauti ya nje, sote tukasikia swali la kwanza: mimba ina muda gani? Nikalazimika kueleza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Sisi wa hospitali tunahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wakati mimba hutungwa takriban wiki mbili baadaye, kwa hiyo wiki 18 za kadi ni wiki 16 za tumboni, sawa na siku 112. Shekhe akanyamaza kidogo, kisha akauliza la pili: umbo limeonekana? Limeonekana, nikajibu, vidole vyote vinahesabika. Akasema basi aoshwe, avikwe kitambaa cheupe, azikwe kwa heshima, na swala haimo. Shangazi mtu akakata kipande cha shuka jipya, akakunja pembe zake kwa uangalifu uleule anaofungiwa mtoto mchanga, na mjomba akatoka nacho kwenye bajaji kuelekea makaburini. Hakuna aliyesema kwamba zilibaki siku nane.

Niliyaona hayo nikawakumbuka wanaozitaja siku 120 kama mwenye duka anavyotaja tarehe ya mwisho ya bidhaa.

Sasa upande wa shemeji zangu. Wakristo wenzetu wananukuu Yeremia 1:5, ambapo Mungu anasema alimjua nabii kabla hajamuumba tumboni, na Zaburi ya 139 inayomsifu Mungu aliyemuunga mtu tumboni mwa mamaye, na Luka sura ya kwanza, ambapo kitoto kiliruka tumboni mwa Elisabeti aliposikia salamu ya Mariamu. Ni maandiko mazito, yanayoonesha kwamba Mungu ana shughuli na aliye tumboni. Hata hivyo hayataji siku. Andiko linalogusa mimba kwa lugha ya sheria ni Kutoka 21:22, kuhusu watu wanaopigana wakamuumiza mjamzito, na hapo tafsiri ya kale ya Kigiriki ilitofautisha mimba ambayo mtoto wake hajapata umbo na ile ambayo mtoto wake amekwisha kuumbika. Kutokana na tafsiri hiyo Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alitofautisha hali hizo mbili, na karne nyingi baadaye mwalimu mwingine, Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alifundisha kwamba roho yenye akili haiingii mwanzoni bali mwili ukishapata umbo linaloistahili. Aristotle alikuwa ametaja siku 40 kwa mtoto wa kiume na 90 kwa wa kike, hesabu ambayo leo hakuna mkunga atakayeitetea.

Mkatoliki asiyelijua hilo hushtuka, na Muislamu anayelijua hulitumia vibaya. Tomaso hakusema hata siku moja kwamba kuharibu mimba mapema kunaruhusiwa. Alikuita dhambi kubwa, ila hakukuita mauaji ya mtu kabla ya roho kuingia. Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yanakataza waziwazi kumuua mtoto kwa kuharibu mimba. Katazo halikubadilika, kilichobadilika ni namna ya kulieleza na adhabu yake. Papa Siksto V mwaka 1588 aliweka adhabu nzito kwa mimba ya umri wowote, Papa Gregori XIV mwaka 1591 akailegeza kwa mimba ambayo haijapata umbo, na Papa Pio IX mwaka 1869 akaiondoa tofauti hiyo katika adhabu ya kutengwa. Na Tamko la Vatikani la mwaka 1974 kuhusu utoaji mimba lilisema wazi kwamba haliamui saa ambayo roho inaingia. Hoja yake ni nyingine, nami naiona ina nguvu kuliko ile ya barazani: hata kama mtu ana shaka kama huyu amekwisha kuwa mwanadamu kamili, kuthubutu kumharibu huku una shaka hiyo tayari ni kosa zito.

Hapo ndipo Ghazali na Tamko lile wanapokaribiana kuliko waumini wao wanavyodhani. Wanapoachana ni kwenye udhuru. Kanisa Katoliki haliruhusu kuiharibu mimba moja kwa moja kwa sababu yoyote. Linachokubali ni tiba inayolenga ugonjwa wa mama, kama kuondoa kizazi chenye saratani au mrija ambao mimba imetunga humo, ingawa inajulikana kwamba mtoto hatapona. Katika Uislamu, uhai wa mama ukiwa hatarini kwelikweli, wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu mimba itolewe hata baada ya miezi minne, kwa sababu mama ndiye shina na uhai wake ni wa yakini. Kuhusu ulemavu, Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia, huko Makka liliamua mwaka 1990 kwamba kabla ya siku 120 inawezekana, endapo jopo la madaktari wa kuaminika litathibitisha ulemavu mkubwa usiotibika na wazazi wakaomba. Baada ya siku hizo, ulemavu peke yake si udhuru.

Tiba ina neno lake, lakini ni dogo kuliko tunavyolidai. Yai likirutubishwa kwenye mrija linakuwa hai na lina vinasaba vyake lenyewe, na hilo halibishaniwi. Hujishika kwenye kizazi baada ya takriban wiki moja, linaweza bado kugawanyika likawa mapacha hadi karibu siku ya 14, na mapigo ya moyo huonekana kwenye utrasaundi takriban wiki ya sita ya kadi. Mama wengi huhisi mtoto anacheza kati ya wiki ya 16 na ya 20. Mashine inaweza kunionesha pigo. Haiwezi kunionesha roho, wala haiwezi kuniambia pigo hilo lina haki gani mbele ya mama anayevuja damu. Anayesema sayansi imemaliza ubishi, wa upande wowote, ameipa sayansi kazi ambayo haijaiomba.

Nimetaja sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliyoirithi kwa Mwingereza mwaka 1945, inatoa kifungo cha miaka 14 kwa anayejaribu kumharibia mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke anayejiharibia, na miaka 3 kwa anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika hivyo; haya yamo katika vifungu vya 150 hadi 152. Ajabu yake ni kwamba kosa la kwanza halijali mimba ina wiki ngapi, wala halijali kama mwanamke ana mimba kweli. Kisha lipo kosa la kumuua mtoto anayeweza kuzaliwa hai, ambapo wiki 28 ndizo zinazochukuliwa kuwa ushahidi wa awali, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Na katika sheria hiyohiyo mtoto hawi mtu anayeweza kuuawa, kwa maana ya kosa la mauaji, mpaka atoke tumboni mwa mama yake mzima mzima akiwa hai. Daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama halaumiwi. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, inataja pia kama sababu za kuruhusu ubakaji, zinaa ya maharimu na afya ya mama, ya mwili na ya akili, lakini Kanuni ya Adhabu haijabadilishwa kuyaingiza hayo.

Huku tukibishana, utafiti uliofanywa na Taasisi ya Guttmacher, inayotafiti afya ya uzazi, pamoja na NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na Chuo Kikuu cha Muhimbili ulikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania, karibu zote kwa siri. Hawa ni binti zetu wa ushungi na wa kwaya.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Kaka uliyeandika kwamba mwanamke anayetoa mimba ametengwa na Kanisa moja kwa moja, na kwamba hakuna njia ya kurudi: umelitaja katazo ukaiacha sheria yenyewe. Adhabu ya kutengwa ipo, leo iko katika kanuni ya 1397, lakini Sheria ya Kanisa inamwondolea adhabu hiyo ya moja kwa moja ambaye hajatimiza miaka 18, na anayefanya kwa hofu kubwa. Kanuni ya 1329 inawaingiza pia washiriki ambao bila wao tendo lisingefanyika. Kwa hiyo binti wa miaka 16 aliyepelekwa kwenye chumba cha uani anaweza kuwa nje ya adhabu, na mwanamume mzima aliyempa pesa na kumsindikiza akawa ndani yake. Mbona huyo hamumtaji? Na tangu mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuondolea dhambi hiyo katika kitubio. Wako akina mama wa umri wangu ambao hawajakomunika kwa miaka kwa sababu tu hawakuambiwa.

Dada uliyeuliza kama P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ni kutoa mimba: dawa hiyo hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai lisitoke, wala haiharibu mimba iliyokwisha kujishika. Kwa Mashafi wengi hukumu yake inafuata njia ya azl, na masahaba walifanya azl wakati Qur'ani inateremka, kama alivyosimulia Jabir. Kwa Mkatoliki, uzazi wa mpango kwa dawa ulikwisha kukatazwa na Papa Paulo VI mwaka 1968 kwa hoja nyingine kabisa, kwa hiyo kuiita P2 kutoa mimba hakumsaidii hata mwenye msimamo mkali.

Mzee wangu uliyeuliza kuhusu aliyebakwa: shikamoo. Wako wanazuoni wa Kiislamu wa zama hizi walioruhusu kwa aliyebakwa kabla ya kupulizwa roho, na wako waliokataa. Kanisa Katoliki limekataa. Sheria yetu haijamtaja. Mimi naegemea kwa walioruhusu mapema, nikijua kwamba shemeji yangu hatakubaliana nami, na kwamba hoja yake, kuwa kosa la baba asilipe mtoto, si hoja ya kudharauliwa. Lakini nakuomba usimtumie aliyebakwa kufungulia mlango wengine wote. Wengi ninaowapokea hawakubakwa. Wanaogopa baba, wanaogopa kufukuzwa kazi za ndani, au waliambiwa na mwenye mimba kwamba hamjui. Zamani walitaja pia shule. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na bado nakutana na wazazi wasiojua hilo.

Na ndugu uliyeandika usiku kwamba mdogo wako ametumia kitu asichokitaja, anavuja damu na ana homa, nanyi mnaogopa kumpeleka hospitali kwa sababu ya polisi: mpelekeni sasa hivi. Huduma baada ya mimba kuharibika inatolewa na ni halali, muuguzi hahitaji ungamo ili aanze kutibu, na damu pamoja na homa havingoji asubuhi. Mwambieni ataje alichokunywa au alichowekewa, kwa sababu tiba inategemea hilo. Masuala ya siku na roho mtayauliza kwa shekhe au kwa padre akishapona. Ukifika, andika hapa ili tujue.